Mama Mishale na Vidole Themanini

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, saa kumi alasiri, Mama Mishale wa Kitengo cha Kumbukumbu za Maabara atazima kompyuta yake kwa mara ya mwisho akiwa mtumishi wa hospitali hii. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne kazini. Wanaomfahamu wanajua itakavyokuwa: atazima, atabadilisha miwani, atafika mlangoni, kisha atarudi kuhakikisha kwamba amezima kweli. Halafu ndipo ataondoka.

Kamati ya kuagana imeniomba niandike ukurasa mmoja. Kamati itanisamehe. Nimefanya kazi na mama huyu chumba kimoja, meza zetu zikitazamana, na ninayoyajua juu yake hayaenei katika ukurasa mmoja. Mengine hayafai kuandikwa popote, na hayo nimeyaacha kwa usalama wangu mwenyewe.

Aliajiriwa akiwa na umri wa miaka ishirini na minane, mchapaji daraja la tatu, katika chumba kile kile cha ghorofa ya kwanza chenye dirisha linalotazama kamba za kuanikia mashuka ya wodi. Alichapa kwa miaka sita. Kisha hospitali ikampeleka kusomea uandishi wa programu za kompyuta. Baada ya miaka miwili alirudi na cheti na cheo, akaonyeshwa ofisi ya peke yake yenye zulia, akaikataa. Alisema programu zake zitatumiwa na wachapaji, kwa hiyo atakaa na wachapaji awasikie wakilalamika. Alitusikia sana, maana kwa kulalamika tulikuwa hatuna mpinzani jengo zima.

Jina la Mishale alilipata mwaka wake wa tatu, siku mtunza ghala alipokuja kubadilisha kibodi zilizochakaa. Kibodi zetu wengine zilikuwa zimefutika namba tu. Ya kwake ilikuwa imefutika namba pamoja na vile vitufe vinne vya mishale, juu, chini, kushoto na kulia, vyote vipara kabisa. Wakati huo alikuwa hajaolewa, akaitwa Dada Mishale. Alipojifungua kifungua mimba wake akawa Mama Mishale. Siku hizi waajiriwa wapya wanamwita Bibi Mishale, naye huitika, ingawa huitika kwa jicho kali kidogo.

Kipanya hakukitaka kabisa. Alisema kila mkono unapoacha kibodi kwenda kukitafuta kipanya, kazi inasimama na akili inatoka nje kupunga upepo. Cha kwake alikitumia kubania karatasi zisipeperushwe na feni. Mwaka fulani fundi wa kompyuta alipita kukagua vifaa, akagundua kwamba waya wa kipanya kile haukuchomekwa popote. Mama alipoulizwa tangu lini, alisema labda tangu chumba kilipopakwa rangi. Rangi ilikuwa imepakwa miaka miwili nyuma.

Kwa wenzetu wa wodini, jikoni na bustanini ambao hawajawahi kuingia chumbani kwetu, naomba nieleze kidogo kazi yenyewe. Matokeo ya vipimo hutufikia kwenye fomu za karatasi. Sisi tunayaingiza katika jedwali lililo kwenye kompyuta. Mstari mmoja wa jedwali ni mgonjwa mmoja, na kila safu ni kipimo kimoja: sukari, kiwango cha damu, kundi la damu, ujauzito na vinginevyo. Mstari na safu vinapokutana ndipo palipo na kijumba kidogo kinachoitwa seli, na humo ndimo jibu linamoandikwa.

Sasa, jambo ambalo wakubwa wengi hawalijui ni kwamba mchapaji mzuri haangalii skrini. Macho yako kwenye fomu, mkono wa kushoto unafunua karatasi, wa kulia unacheza kwenye namba. Namba, Enta, namba, Enta. Katika programu yetu ya zamani, ile ya skrini nyeusi na maandishi ya kijani, kila Enta ilikusogeza seli moja kulia, na ukifika mwisho wa mstari ilikupeleka mwanzo wa mstari unaofuata, kwa mgonjwa mwingine. Tulikuwa wachapaji wanane, mimi nikiwemo, na vidole vyetu vilikuwa vimeyazoea hayo kiasi kwamba tuliweza kuchapa huku tukisimuliana habari za harusi, na hakuna namba iliyopotea njia.

Katika mwaka wa kumi na mbili wa utumishi wa Mama Mishale ikaja programu mpya. Ilikuwa nzuri kuitazama, ina rangi, ina picha ndogo ya darubini pembeni. Jedwali lake lilinunuliwa likiwa tayari limetengenezwa huko lilikotoka. Na katika jedwali hilo, Enta haikwenda kulia. Ilishuka chini.

Huenda msomaji akasema, basi si mzoee tu. Tulijaribu. Tuliambiwa tutumie kitufe cha Tab ili kwenda kulia, tukakitumia. Lakini vidole vyenye miaka kumi na kitu ya Enta havisikilizi semina ya asubuhi moja. Mwenzetu mmoja, katikati ya mstari wa mama mjamzito, aligonga Enta kwa mazoea, akateremka kwa mgonjwa wa chini, akashtuka, akagonga Tab kurekebisha, akadhani mambo yamekaa sawa, akaendelea. Mgonjwa wa chini alikuwa dereva mstaafu wa lori, umri miaka sitini na minane, aliyekuja kupima sukari. Alirudishiwa majibu kwamba ni mjamzito. Mzee mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu. Mkewe hakucheka hata kidogo, alitaka kuonana na daktari.

Na hiyo Tab nayo ilikuwa na visa vyake. Ukifika nayo mwisho wa mstari haikupeleki mstari unaofuata, inakutoa nje ya jedwali kabisa na kukutua juu ya kitufe cha kuchapisha. Ukigonga Enta ukiwa hapo, mashine ya koridoni inaanza kutema orodha nzima ya wagonjwa wa wiki. Wiki ya kwanza ilitema mara kumi na nne. Mfagizi wetu alidhani kuna uchaguzi.

Tulicheka siku mbili tatu, kisha kicheko kikatukauka. Mchapaji mmoja alinusa hatari alipolinganisha fomu na skrini, akakuta kundi la damu la mgonjwa wa upasuaji limekaa kwenye mstari wa mwingine. Lilisahihishwa kabla halijamfikia daktari. Lakini tangu saa ile kila mtu chumbani alichapa kwa jasho jembamba, akiangalia fomu, akiangalia skrini, akirudi kwenye fomu, na fomu zikarundikana mezani hadi zikafunika simu.

Mkuu wa Mitambo wa wakati huo, bwana mwenye kalamu tatu mfukoni na subira ya mwendesha pikipiki, alipeleka taarifa yake juu. Kwa maoni yake programu haikuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa wachapaji, watu wa zamani ambao hawafundishiki. Alipendekeza wote wanane waondolewe ifikapo mwisho wa mwezi na waajiriwe wengine wanaojua kipanya. Orodha ya majina iliambatanishwa. Tuliiona kwa sababu aliisahau kwenye ile ile mashine ya koridoni.

Kusema kweli tuliona tumeshamwaga unga. Aliyeumia kuliko wote ni mkubwa wetu kwa umri, ambaye ofisi nzima tulimwita Shangazi. Alikuwa amechapa miaka ishirini na sita na kubakiza miaka miwili na nusu tu kustaafu. Alituambia kwamba kazi ina mwisho, hilo analijua, ila hakufikiria mwisho wake utakuwa wa kufukuzwa kama mtu aliyeiba. Alisema hivyo huku akipanga fomu zake.

Kwenye kikao cha idara, Mama Mishale alisimama. Ni mtu mfupi, kwa hiyo ilichukua muda watu kugundua kwamba amesimama. Alisema vidole havina kosa, kosa liko kwenye jedwali, na jedwali linafundishika. Akaomba wiki mbili. Mkuu wa Mitambo alitabasamu na kuuliza kama amewahi kuona mtu akiifungua programu ya kununua na kuibadilishia mwendo. Mama akajibu kwamba hajawahi kuona, na yeye pia angependa kuona.

Jioni ile aliandika barua kwa Daktari Mkuu, kiongozi wa hospitali. Nakala iko kwenye faili lake na nimeruhusiwa kuitaja. Aliomba ufanyike jaribio la wazi baada ya wiki mbili. Na kama jaribio litashindwa, aliandika, jina lake liwekwe la kwanza kwenye orodha ile, juu ya wachapaji wote wanane. Mumewe, fundi cherehani mwenye duka nyuma ya stendi ya teksi, aliposikia habari hiyo aliacha kushona. "Wewe mwanamke," alimwambia, "watu wanahatarisha kazi kwa ajili ya mambo makubwa. Wewe umeweka ya kwako kwa ajili ya kitufe?" Kisha, kwa sababu anamjua mkewe, akamuuliza anahitaji msaada gani.

Alihitaji vitambaa. Fundi akashona vifuniko vinane kwa mabaki ya sare na mapazia, kila kimoja rangi yake, vyenye ukubwa wa skrini. Mama akavivisha kompyuta zetu zote. Alisema jedwali ambalo mchapaji hawezi kulitembea bila kulitazama bado ni jedwali bovu, na kwamba kuanzia leo hakuna kuangalia. Tulidhani amechanganyikiwa. Chumba kilionekana kama duka la mapazia.

Siku tatu nzima hakuandika hata mstari wa programu. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya Shangazi, na daftari magotini, akiandika kila kitufe ambacho Shangazi anagonga na kila mahali anaposita. Kutokana na daftari hilo zilitoka kanuni ambazo hadi leo zimebandikwa ukutani kwetu. Enta iende kulia, na mwisho wa mstari ishuke hadi seli ya kwanza ya mstari unaofuata. Ukiwa umeanza tu kuandika namba, mshale wowote uihifadhi na kukusogeza. Lakini ukiifungua seli kwa kitufe cha F2 ili kurekebisha namba iliyomo, mishale ya kushoto na kulia ibaki humo humo, ikitembea kati ya tarakimu, isikurushe kwa jirani. Kitufe cha kughairi kirudishe kilichokuwepo. Na Tab isithubutu kumtoa mtu nje ya jedwali bila ruhusa yake.

Aliongeza na jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Kila ukivuka kwenda mstari mpya, kompyuta inatoa mlio mdogo sana, tik. Hivyo mchapaji mwenye macho kwenye karatasi anajua kwamba sasa anahudumia mgonjwa mwingine. Shangazi aliupenda mlio ule mpaka akawa anauitikia kwa kichwa.

Mambo yalikwenda vizuri hadi siku ya tisa. Hapo nitaandika jambo ambalo mwenyewe Mama Mishale aliniamuru niliandike, la sivyo angekataa kuja kwenye sherehe. Katikati ya jedwali kulikuwa na safu ya namba za zamani za kadi, isiyotumika tena. Kila mara ilibidi kuipita kwa Enta ya bure. Asubuhi ile Mama akaificha, akatutangazia kwamba haipo, tuiruke. Alasiri Shangazi akaingiza fomu arobaini. Zilipokaguliwa, mistari yote arobaini, kuanzia katikati kwenda mwisho, ilikuwa imepotoka. Kila jibu lilikuwa limekaa safu moja nyuma ya pale linapostahili, na jibu moja la kila mgonjwa halikuonekana kabisa.

Zilikuwa zimebaki siku tano. Mama hakuwa amelala vizuri wiki nzima. Mbele yetu sote alimwambia Shangazi, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, kwamba ameruka seli, kwamba awe makini, kwamba kila kitu kinategemea umakini wake. Shangazi alisema hajaruka. Mama akarudia kwamba ameruka. Shangazi akachukua mkoba wake, akatoa kifuniko kwenye skrini yake, akakikunja vizuri, akakiweka mezani kwa Mama na kwenda zake nyumbani.

Ijumaa ilikuwa hiyo. Mama alibaki peke yake na jedwali, akagonga Enta, taratibu, seli moja baada ya nyingine, akihesabu kwa sauti. Alipofika katikati akahesabu Enta moja zaidi ya safu alizoziona. Safu aliyoificha ilikuwa imetoweka machoni tu. Enta iliendelea kuingia humo kama kawaida, na vidole vya Shangazi, vilivyoambiwa kwamba haipo, vikaandika jibu lililofuata ndani ya seli isiyoonekana. Mwisho wa kila mstari alikuwa amegonga Enta mpaka asikie tik, ndiyo maana kila mgonjwa alibaki kwenye mstari wake. Majibu arobaini yaliyopotea yalikuwa humo, moja kwa kila mgonjwa, sahihi kabisa. Shangazi hakuwa ameruka hata seli moja.

Mama Mishale ameniambia mara nyingi kwamba katika kazi yake yote hakuna saa iliyomtia aibu kama ile. Si kwa sababu ya kosa la programu, makosa ya programu ni chakula chake. Ni kwa sababu alikuwa amesimama kwenye kikao akasema vidole havina kosa, na mara tu alipobanwa naye akavilaumu vidole, tena vya mtu anayemheshimu. Na hakuna ambaye angejua. Angeweza kurekebisha kimya kimya na Jumatatu akasema tujaribu tena.

Jumamosi asubuhi alikwenda nyumbani kwa Shangazi na karatasi mkononi, ile orodha ya majibu arobaini. Alimkuta uani anafua. Hata kiti hakukitafuta, alianza kuomba radhi akiwa bado amesimama kwenye maji ya sabuni. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho, akaipokea karatasi, akaisoma jibu kwa jibu, kisha akampa beseni la nguo aanike kwanza, mazungumzo baadaye. Mama akaanika. Mjukuu wa Shangazi aliyeshuhudia anasema alianika kwa mpangilio, kutoka kushoto kwenda kulia, na kamba ilipoisha alirudi mwanzo wa kamba ya pili. Ndipo Shangazi alipocheka, na mambo yakaisha.

Jumatatu Mama alitukusanya, akaeleza yote mbele ya wote, na akamrudishia Shangazi kifuniko chake kwa mikono miwili. Kanuni mpya ikaongezwa ukutani, kwa maandishi makubwa kuliko nyingine: kisichoonekana kisiingilike. Siku hiyo hiyo akamwandikia Daktari Mkuu kumjulisha kosa na marekebisho yake, na Mkuu wa Mitambo akapata nakala. Bwana yule alitembea na nakala ile siku mbili kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Jaribio lilifanyika Jumatano saa nne asubuhi. Daktari Mkuu hakutaka mchezo. Ili pasiwe na fomu iliyozoeleka, alituma ziletwe fomu tupu mia nne, hamsini akazijaza mwenyewe kwa mkono wake, nyingine akawapa wauguzi wazijaze. Tulikaa wanane, fomu hamsini kila mmoja, skrini zimevikwa. Mkuu wa Mitambo alipita nyuma yetu kuhakikisha kwamba hakuna anayechungulia. Mama Mishale alisimama kwenye kona, amefunga mikono nyuma, ametazama dirishani kule kwenye mashuka. Nilikuwa karibu yake. Midomo ilikuwa inahesabu.

Chumba kilikuwa kimya isipokuwa vitufe na ile tik, tik, tik, kutoka meza nane. Shangazi alimaliza wa kwanza. Mimi nilimaliza wa sita, na naomba izingatiwe kwamba mafungu yalitofautiana kwa mwandiko. Vifuniko vikatolewa, majedwali yakalinganishwa na fomu, safu kwa safu. Ilichukua saa mbili. Makosa yalikuwa mawili. Yote mawili yalikuwa kwenye zile fomu hamsini za Daktari Mkuu, ambaye anaandika moja yake kama saba. Alipoonyeshwa aliishika karatasi mbali, akaileta karibu, akakiri kwamba hata yeye asingejua.

Orodha ile ilichanwa mezani pale pale. Tulipiga kelele kiasi kwamba muuguzi wa ghorofa ya pili aliteremka kuuliza nani amezidiwa. Mama Mishale hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda chake, akavua miwani, akalia kidogo, kisha akasema kifuniko cha mtu fulani kimechafuka wino na mumewe hatafurahi.

Mkuu wa Mitambo, niseme haki yake, alikuja kesho yake kuomba nakala ya kanuni. Alizipeleka duka la dawa na ghala kuu, na hadi anahama alikuwa akizitetea kwa ukali kuliko sisi. Tangu hapo programu zimebadilika mara nne. Kila mara mawakala wanapokuja na maonyesho yao, Mama huwaacha waseme, huwapa chai, kisha hukifunika kioo cha mashine yao kwa kitambaa na kuwaomba waingize wagonjwa kumi. Mmoja alikunja nyaya zake na kuondoka bila kumaliza chai. Wengine walirudi baada ya mwezi na jedwali linalotembea inavyotakiwa.

Amefundisha wachapaji sitini na wawili. Ametunukiwa cheti cha mfanyakazi bora mara mbili, na mara ya pili jina lake lilikosewa, naye akakitundika hivyo hivyo. Amelea watoto watatu, wawili wakiwa wauguzi katika hospitali nyingine na mmoja akiwa dukani na baba yake. Fundi anasema mkewe akistaafu watalima mboga nyuma ya nyumba, lakini tayari ana wasiwasi. Mwezi uliopita walipanda miche ya kwanza, na kila akimaliza tuta Mama alirudi hadi mwanzo wa tuta linalofuata, mikono mitupu, badala ya kugeukia pale pale alipo kama binadamu wengine.

Nimalizie na jambo ambalo halimo kwenye faili lake. Ile orodha ilikuwa na majina manane. Shangazi aliagwa katika ukumbi huu huu miaka miwili na nusu baada ya jaribio, kwa tarehe yake, akiwa amevaa nguo aliyoshonewa na fundi, na ukumbi mzima ukasimama. Baada yake aliagwa wa pili, na wa tatu, hadi wa saba. Kila mmoja alisomewa wasifu, kila mmoja aliondoka akiwa amebeba maua na kadi yenye sahihi za idara zote. Hakuna hata mmoja aliyetoka siku moja kabla ya siku yake. Jina la nane ni langu. Siku yangu ni tarehe 14 Machi mwakani.

Mama Mishale, kwa niaba ya wote wanane, na wale sitini na wawili, na wagonjwa ambao hawatajua kamwe kwamba jibu lao lilikaa mahali pake kwa sababu yako, tunasema asante. Tunakuombea afya, macho mazuri, usingizi wa mchana na fundi asiyechoka kukutania. Nilikuwa nimepanga wewe ndiye uniandikie wasifu wangu, na sasa umenitangulia kwa karibu miezi tisa. Sitakudai uandike. Njoo tu siku hiyo, ukae mbele, mahali nitakapokuona. Nataka wakisoma jina langu, nikuangalie wewe.